Farasi wa Kekeo

Guribardh, 15 Machi 2007

Mwanangu Pandeli,

Salamu kwanza. Mimi mzima, mbuzi mzima, ukuta wa zizi si mzima. Umebomoka upande wa kaskazini theluji ilipoyeyuka, na mbuzi sasa anaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Anayeandika ni Frosina, yule muuguzi anayepanda huku kila Alhamisi kunipima presha. Nimemwambia aandike ninavyosema, neno kwa neno, asinipambe. Mwaka jana aliniandikia mwalimu mstaafu, nikasikia baadaye ameweka eti mama yako anakukumbatia kwa machozi. Machozi gani? Nilikuwa nauliza kama soksi zilikufika.

Farasi hawajafika. Najua ndilo unalotafuta humu, yale mengine unayaruka. Kila asubuhi natoka kibarazani nautazama Mwamba Mwekundu, naona mwamba tu. Nakula kwanza, usihofu. Kipande cha mkate na jibini kinalala chini ya bakuli kando ya kitanda, nakitia mdomoni kabla sijagusa mlango. Ndege kekeo akikuwahi na tumbo tupu, ukamsikia ku-ku yake ya kwanza nawe hujala, basi mwaka mzima ni wa upweke. Jirani yetu Urani alikuwa anayacheka mambo haya. Mwaka ule akatoka mbio bila kula kumfukuza mbweha, kekeo akaimba, na kabla zabibu hazijaiva mumewe amekufa. Frosina anasema yule bwana alikuwa na ini bovu. Sawa, ini. Lakini na kekeo naye aliimba.

Sasa anauliza farasi gani. Frosina wa watu, ametoka mjini, hajui. Farasi wa kekeo ni yule tumbusi mweupe mwenye uso wa manjano, baridi ikikaribia anakwenda zake Afrika, Machi ikiisha anarudi kwenye mwamba ule ule, shimo lile lile. Kekeo hana kifua cha kuvuka bahari, anampanda mgongoni. Ndiyo maana husikii kekeo mpaka umwone tumbusi. Anacheka, na kalamu inacheka naye. Acheke. Mwambie akutajie mwaka hata mmoja alioanza kekeo.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakupandisha kondoo mlimani mpaka awaone wawili juu ya mwamba. Mmoja ni mpita njia, alikuwa akisema, wawili ndio wenye nyumba. Na sisi tulipatana kwa hao hao, siku ya Mtakatifu Dhimitri, Oktoba, umekaa hapo hapo alipokaa Frosina, umenuna, kahawa inapoa. Wakirudi wawili, nabaki kwangu mwaka mwingine. Akirudi mmoja, au asirudi yeyote, nafunga mlango nakuja kukaa nanyi huko Ugiriki, Larisa, wewe na mkeo Stavrulla. Tulishikana mikono. Mimi sijasahau.

Urani binti zake wamemchukua Korintho baada ya Krismasi. Mtaa wa juu nimebaki mimi na moshi wangu. Asubuhi watu wa chini wakiuona moshi wanasema, haya, Polikseni bado yupo.

Barua nampa Sofokli dereva, pamoja na jibini. Mhesabie vipande, Sofokli ana mkono mrefu.

Mama yako,
Polikseni (msalaba wake huu: +)


Larisa, 29 Machi 2007

Mama,

Barua na jibini nimevipata. Sofokli amekula kipande kimoja tu, na amekiri.

Chumba chako kiko tayari, nimekwambia tangu Dhimitri. Dirisha linatazama barabara, utaona watu kutwa, hutakosa cha kusema. Stavrulla anakusalimu sana. Anauliza uji wa trahana unauchemsha kwa maji kiasi gani. Ile uliyotuma mara ya kwanza ilitoka gundi, mara ya pili ikashika chini ya sufuria ikawa mkaa.

Farasi wakifika niambie ni wangapi. Usinifiche, mama.

Mwanao,
Pandeli


Guribardh, 12 Aprili 2007

Mwanangu Pandeli,

Kristo amefufuka. Nilipaka mayai mawili rangi nyekundu, moja langu na jingine la kugonga nalo. Nimeyagonganisha mwenyewe. Mkono wa kulia umeshinda.

Farasi amefika. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, nimeshakula, nimesimama kibarazani namtukana mbuzi, kivuli kikapita juu ya zizi. Nikainua uso. Mweupe, mbawa nyeusi nchani kama aliyechovya vidole kwenye wino, akazunguka juu ya mwamba kama anayetafuta funguo, akatua. Mimi nikakaa chini. Siku ya pili kekeo akaimba bondeni.

Andika wamefika wawili. Usinitazame hivyo, Frosina. Nasema andika wawili. Kalamu yako, barua yangu. Eti mimi mwenyewe nilimwagiza aandike kila ninachosema. Vizuri, ndicho ninachosema: wawili. Yule wa pili yumo ndani ya shimo, kutoka hapa haonekani. Frosina anauliza ninamwona kwa macho gani. Kwa macho yangu. Mimi nimeona farasi hapo kabla mama yake hajazaliwa.

Basi Larisa siji. Mpe Stavrulla salamu, mwambie asihangaike na chumba, aweke humo vitu vyake. Mimi huku nina shughuli nyingi. Nina mbuzi, nina kaburi la baba yako la kupalilia, nina ufunguo wa Urani, lazima mtu aipitishie hewa nyumba yake isioze. Mtu hawezi kuondoka hivi hivi mwaka farasi wametimia.

Trahana: konzi moja, maji vikombe vinne, na usiondoke mbele ya jiko, trahana ni kama mtoto anayeanza kutambaa. Namshangaa lakini Stavrulla. Mwaka ule alipokuja hapa alisema trahana inanuka kwapa la mbuzi, akala mkate mkavu. Watu hubadilika.

Mbuzi amepanda juu ya paa la Urani. Naishia hapa.

Mama yako,
Polikseni +


Larisa, 26 Aprili 2007

Mama,

Amefufuka kweli.

Nimesoma kwamba wamefika wawili. Basi umeshinda. Baki, mama, mkono ni mkono. Chumba tutakitumia kwa mambo mengine mpaka mwakani, usiwe na wasiwasi nacho.

Trahana imekubali. Asubuhi nilikuwa natoka na kipande cha mkate mkononi, nakula nimesimama, sasa ninachemsha konzi moja kukiwa bado na giza. Huku mjini hakuna kekeo wa kumwogopa, lakini mazoea.

Huyo farasi ameanza kujenga?

Mwanao,
Pandeli


Guribardh, 10 Mei 2007

Mwanangu Pandeli,

Frosina alinisomea barua yako, nikamwambia soma tena, akasoma tena. Kisha nikakaa nayo. Nimepalilia nayo, nimekamua nayo, nimelala nayo.

Wewe tangu ulipoota meno hujawahi kukubali kushindwa. Ulikuwa ukicheza karata na baba yako, ukishindwa unazitupa motoni, tulimaliza seti tatu msimu mmoja wa baridi. Siku ya Dhimitri uliipiga meza hii mpaka kikombe kikaruka, mama utakufa peke yako kama mbwa, ukasema, nikakwambia mbwa hafi peke yake, ana viroboto. Leo naambiwa umeshinda mama, baki. Hata hukuuliza ni nani mwingine aliyewaona. Pandeli ninayemjua angepanda gari la Sofokli aje awahesabu mwenyewe kwa kidole. Mtu akishindwa akashukuru, basi kushinda ndiko alikokuwa anakuogopa.

Halafu trahana. Anayeunguza sufuria mpaka mkaa ni mwanamume asiye na mtu wa kumwambia epua. Na mtu hali chakula amesimama kwenye nyumba yenye mke. Stavrulla angekukalisha kwa makelele.

Sikuulizi. Natangulia mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Farasi ni mmoja. Tangu siku ile ni huyo huyo mmoja, ndani ya shimo hamna mtu. Nilimwambia Frosina aandike wawili, naye leo ndiyo ananiambia kwamba aliandika maneno yangu yote, mpaka "usinitazame hivyo", kwa hiyo wewe ulijua tangu Aprili. Nimempa kahawa bila sukari. Anaandika hapa midomo imembinuka. Ongeza, Frosina, kwamba kahawa yangu hata bila sukari inashinda yako.

Umeuliza kama ameanza kujenga. Ameanza. Kila asubuhi analeta kijiti, anakiweka, anakitazama, anakitoa, anakiweka upande wa pili. Nimemchana mbuzi, nikaacha manyoya juu ya mawe ya ukuta uliobomoka, akaja akayachukua, nimemwona kwa karibu, ana sura ya shangazi yako Marigo akiwa na hasira. Jua likipanda anapaa juu mpaka ninampoteza, halafu anajitupa chini, anajipindua miguu juu, kama wanavyofanya wakiwa wawili, mmoja akicheza mwingine akicheza chini yake. Chini yake hakuna. Tupo mimi na mbuzi. Wa pili sijui amebaki wapi, baharini, au huko Afrika, au alikula nyama ya sumu ambayo mtu alimtegea mbwa mwitu. Na huyu hana wa kumletea habari. Kwa hiyo anajenga.

Kwa mapatano yetu nilitakiwa nifunge mlango nije. Sasa niambie, Pandeli, nije wapi?

Mama yako,
Polikseni +


Larisa, 27 Mei 2007

Mama,

Ile barua ya Pasaka niliisomea stendi, nimesimama kando ya gari la Sofokli. Nilipofika kwenye "usinitazame hivyo, Frosina" nikacheka. Kisha nikamshukuru Mungu. Kisha nikaona haya, nikaikunja, nikaenda kazini. Kazi yenyewe haikuwepo.

Stavrulla aliondoka Agosti iliyopita. Yuko kwa dada yake, hatugombani, hatuongei. Nilipokuja Dhimitri nilikuwa ninakutaka kweli. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mimi nilikuwa nakaa jikoni tu, redio ikizungumza. Ndiyo sababu nilipiga meza. Sikuwa nakuogopea wewe kufa peke yako.

Januari ujenzi ukasimama, nyumba nikairudisha kwa mwenyewe. Sasa nalala na mafundi watatu chumba kimoja, nyuma ya duka la matairi. Dirisha la barabarani lipo, sikudanganya, ila ni la duka. Tangu hapo nilikuwa naomba farasi watimie. Angefika mmoja ningekuweka wapi, mama, juu ya matairi?

Najua unachotaka kusema ambacho hukusema. Siwezi. Miaka yote hii nje, nirudi na begi la nguo? Watu wa chini wataniweka midomoni mpaka Krismasi. Watu hurudi na gari, au na bati la paa, au angalau na mashine ya kufulia. Mkono mtupu haulambwi.

Pandeli


Guribardh, 7 Juni 2007

Mwanangu,

Frosina alisoma barua yako, wa kwanza kujibu akawa mbuzi.

Mkono mtupu haulambwi, umeandika. Ni nani aliyekwambia nataka kuulamba? Mimi nataka ushike mawe. Zizi halina ukuta, wewe ni fundi mawe, na unakaa nyuma ya duka la matairi. Hili hata mbuzi angelipanga vizuri zaidi.

Watu wa chini unaowaogopa nitakutajia. Padri, ambaye hasikii. Llambro na mkewe, wana wao watatu wako Italia, simu wanapigiwa Mwaka Mpya. Mwalimu mstaafu wa machozi. Na wajane wanne wenye mapaa yanayovuja. Wakisikia fundi amepanda mtaa wa juu watakusema, ndiyo, watakusema wakiwa wamepanga mstari mlangoni, kila mmoja na sahani ya byreku ya jibini, na hutapata nafasi ya kuvua viatu.

Huyu wa kwenye mwamba amevuka bahari nzima. Amefika bila mke, bila kijiti. Sikuona mtu akimuuliza ameleta nini. Mwamba ulikuwa pale, akatua.

Mimi sikuiti. Tulishikana mikono, mapatano yanasema mimi ndiye wa kuja kwako, nami sitaki unidai. Nakueleza tu jinsi ninavyoishi. Kekeo ataendelea kuita mpaka Mtakatifu Yohana, mwisho wa Juni. Asubuhi nakata vipande viwili. Kimoja nakula kitandani, kingine nakifunika kwa bakuli juu ya nguzo ya geti, mtu akipanda kutoka barabarani asikamatwe na tumbo tupu hatua chache kabla ya mlango. Cha juzi amekula paka. Na cha jana. Paka amenenepa kwa ajili yako.

Frosina anauliza nimemaliza? Nimemaliza.

Mama yako,
Polikseni +


Guribardh, 9 Septemba 2007

Mpendwa Frosina,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Pandeli. Nimemwambia aandike neno kwa neno kama ulivyokuwa ukifanya wewe, maana tangu uende mjini kwa binti yako aliyejifungua sina mwandishi, na yule wa machozi simtaki. Mtoto hajambo? Mfungeni utepe mwekundu, na msimsifie mbele ya watu wenye macho ya buluu, wana kijicho.

Presha ananipima nani? Hakuna. Naipima kwa ngazi za kanisa, nikifika juu ninasema, basi nzima.

Ukuta wa zizi umesimama, utauona. Mawe yale yale, hakununua hata moja. Mbuzi ameudhika, anazunguka akitafuta tundu lake. Mapaa ya wajane yamekwisha matatu, limebaki la mke wa marehemu Sotir ambaye kila akimlipa byreku anasimulia mkasa mzima wa nyonga yake. Pandeli amenenepa. Ananiambia hilo hataandika. Andika.

Kuhusu ile siku aliyofika nimeshakueleza, lakini nasema tena. Nilisikia bakuli likigonga jiwe la getini nikajua ni paka. Nikatoka na fimbo. Alikuwa amesimama anatafuna, begi begani. Akasema, mama, mkate wenyewe umekauka. Nikamwambia umechelewa, unataka nini, keki?

Farasi ameondoka Ijumaa. Wengine husubiriana, wanapaa kwa kundi. Huyu alizunguka mara moja juu ya nyumba, juu ya nyumba ya Urani, akashika njia ya kusini peke yake. Kile kiota chake amekiacha kimekamilika, manyoya ya mbuzi wetu yananing'inia nje kama pazia. Majira yote hakikuingia yai. Pandeli alisimama na mwiko mkononi mpaka akawa nukta. Nilimwambia atarudi.

Ninalotaka uandike, Pandeli, ni hili. Mwandikie Frosina kwamba utakuwepo hapa Machi, farasi akirudi, awe mmoja au wawili, tutatazama pamoja. Andika kwamba ndiyo, utakuwepo. Mbona kalamu imesimama?

Frosina, hapa ni mimi Pandeli, usimsomee mama. Uvunaji wa zeituni ukianza nitavuka mpaka tena, mapaa yanakwisha na byreku haijazi dumu la mafuta ya taa. Sijamwambia. Machi nitarudi, niwe na kitu au nisiwe nacho. Nimelisema hili mbele yako ili nishindwe kulirudisha. Kipindi cha baridi panda hata siku zisizo za Alhamisi, tafadhali. Na akikuuliza nimeandika nini, mwambie niliandika ndiyo.

Haya, sasa kalamu inatembea. Anaandika. Mimi sijui kusoma, lakini mkono naujua, nimeutazama wako tangu Machi. Inaandika bado. Imefika mwisho wa mstari, imerudi, imeanza mwingine.

Pandeli, hiyo "ndiyo" moja mbona ndefu hivyo?

Lete nitie msalaba wangu.

+